Majira ya Mboga Katika Bustani za Pwani

Katika ukanda wa pwani ya Afrika Mashariki, toka Lamu hadi Mtwara, mboga za bustanini huharibiwa na mambo mawili kuliko mengine yote: maji yanayozidi na joto la usiku. Jalidi haichomi mchicha wa Tanga wala wa Malindi, kwa hiyo mtunza bustani wa huku hana sababu ya kungoja baridi ipite kama afanyavyo mwenzake wa Uingereza. Anachohesabu ni siku zilizobaki kabla mvua kubwa haijaanza au haijakatika, na idadi ya majuma ambayo usiku utakuwa na ubaridi wa kuliwezesha ua la nyanya kushika tunda. Majuma hayo ni machache. Yako kati ya Juni na Septemba, na anayetaka kuyatumia hana budi kuanza kazi masika ikiwa bado inanyesha. Hapo ndipo bustani nyingi za nyumbani zinapokosea: mbegu hununuliwa Julai, udongo ukiwa umeshakauka na siku za ubaridi zimeshaanza kwisha.

Chanzo cha majira haya ni jua na pepo mbili. Jua hupita utosini mwa Dar es Salaam mara mbili kwa mwaka, karibu na tarehe 10 Oktoba likielekea kusini, na mwanzoni mwa Machi likirudi kaskazini. Ukanda wa mvua wa kitropiki hulifuata kwa kuchelewa wiki kadhaa, ndiyo maana pwani ina mvua mbili: vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kati ya Machi na Mei. Upepo wa kaskazi hutawala toka Desemba hadi Machi na huja na jua kali. Kusi huanza kusikika Aprili, hupata nguvu Juni na Julai, kisha hulegea karibu na Oktoba. Miezi ya kusi isiyo na mvua nyingi, yaani Juni, Julai na Agosti, ndiyo kipupwe.

Dar es Salaam hupata mvua ya takriban milimita 1,100 kwa mwaka, na zaidi ya sehemu moja kwa tano hushuka Aprili peke yake. Julai na Agosti, kwa kawaida, hakuna mwezi unaofikisha milimita 50. Joto la mchana halibadiliki sana: nyuzi 31 au 32 za Selsiasi mwezi Februari, nyuzi 28 au 29 mwezi Julai. Tofauti ya kweli iko usiku. Usiku wa Februari hewa haishuki sana chini ya nyuzi 24 au 25, ilhali usiku wa Julai na Agosti hufika nyuzi 18 au 19. Mtu aliyelala ndani huenda asiione tofauti hiyo kuwa kubwa, lakini kwa nyanya, saladi na kabichi ndiyo inayoamua kama kutakuwa na mavuno au majani matupu.

Wakulima na mabaharia wa pwani walikuwa na namna yao ya kuyapima majira haya kabla ya kalenda za karatasi kuenea. Walianza kuhesabu siku ya Nairuzi, siku ya mwaka, ambayo watu wa Makunduchi huko Unguja bado huiadhimisha mwezi Julai kwa Mwaka Kogwa. Mwaka huo wa jua una siku 365, umegawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano zinazobaki. Kwa kuwa hauongezi siku kila baada ya miaka minne, husogea polepole ukilinganishwa na jua, lakini katika maisha ya mtu mmoja msogeo huo si mkubwa. Kwa bustani ya mboga, mwongo ni kipimo bora kuliko mwezi. Mwezi ni mrefu mno: aliyepandikiza nyanya tarehe 1 Juni na aliyepandikiza tarehe 30 hawatavuna kitu kimoja. Siku kumi, kwa upande mwingine, ni muda ambao mche unaonyesha mabadiliko yanayoonekana kwa macho, na ni kadiri ya muda ambao mvua inaweza kuwahi au kuchelewa bila mkulima kushangaa. Mchicha huchukua miongo mitatu tangu kusiwa hadi kung'olewa. Miche ya nyanya hukaa kitaluni miongo mitatu, na hutaka mingine saba hadi minane shambani kabla tunda la kwanza halijaiva.

Maelezo yaliyochapishwa kwenye pakiti za mbegu ni msaada mdogo katika jambo hili. Mbegu nyingi zinazouzwa madukani hutoka nchi zenye majira ya machipuko, na pakiti huagiza zipandwe Machi, Aprili au Mei, kwa sababu huko ndipo baridi inapoisha. Anayelifuata agizo hilo Dar es Salaam huiweka miche michanga ya nyanya mbele ya mvua ya Aprili. Kinachofaa kusomwa kwenye pakiti ni vitu viwili tu: idadi ya siku hadi kukomaa, na mwaka ambao mbegu ilifungashwa. Idadi ya siku ndiyo inayotumika kuhesabia kinyumenyume, kuanzia siku ambayo zao linapaswa kuwa linatoa maua au linafunga kichwa, hadi siku ya kulowesha udongo wa kitalu.

Nyanya ni mfano mzuri wa hesabu hiyo, na pia ndiyo mboga inayowavunja moyo watu wengi zaidi. Mmea wenyewe hustawi kwenye joto na huweza kurefuka vizuri hata Februari. Tatizo ni chavua yake. Mchana ukipita nyuzi 32 hadi 34, au usiku ukibaki juu ya nyuzi 22 hadi 24, chavua nyingi hupoteza uwezo wa kuchavusha, na maua huanguka yakiwa na kikonyo kizima. Mwenye bustani huona maua yamejaa, kisha siku chache baadaye hayapo, akadhani ni ugonjwa au ukosefu wa mbolea. Akiongeza samadi, mmea huongeza majani na maua huendelea kuanguka. Dawa ni kuhakikisha maua yanafunguka katika usiku wa ubaridi, yaani toka Julai hadi Septemba. Nyanya hutoa maua wiki tatu hadi tano baada ya kupandikizwa, na kitaluni huwa imekaa takriban wiki nne. Kwa hiyo mbegu zipandwe kitaluni kati ya mwisho wa Aprili na mwanzo wa Juni, miche ipandikizwe kuanzia mwisho wa Mei hadi mwanzo wa Julai, na uvunaji uangukie Agosti hadi Oktoba.

Hesabu hiyo ndiyo inayokilazimisha kitalu kiwe tayari wakati wa mvua, na kitalu cha masika kina adui anayeitwa kinyausi: vimelea vya ukungu vinavyooza shina la mche pale linapogusana na udongo, ukaanguka kwa usiku mmoja. Vimelea hivyo hupenda udongo uliojaa maji na miche iliyosongamana. Kitalu basi huinuliwa, ama kwa tuta la kimo cha kiganja au zaidi, ama kwa kusia kwenye trei, makopo na ndoo kuukuu zilizotobolewa chini. Udongo wake huchanganywa mchanga mwingi na mboji iliyoiva. Juu hujengwa kipaa cha nailoni angavu, kwa urefu wa kutosha hewa kupita pande zote. Makuti, ambayo hufaa sana kwa kitalu cha kiangazi, hayafai Mei kwa sababu anga lenyewe lina mawingu, na miche iliyonyimwa mwanga hurefuka na kulegea. Mistari iachane sentimita 10 na mbegu zisibanane. Siku saba hadi kumi kabla ya kupandikiza, maji hupunguzwa na kivuli huondolewa kidogo kidogo ili mche ukomae. Kazi ya kupandikiza hufanywa jioni, na udongo uliolowa mche unapong'olewa huachwa uking'ang'ania mizizi.

Aina ya nyanya pia ina neno lake. Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa Tanzania kwa wakulima wa ndani, zimezoea hali za nchi na zina tunda gumu. Cal J na Roma, ambazo ni fupi na huzaa kwa muda usiorefuka, zinafaa kwa mtu anayetaka kuvuna na kumaliza kabla ya vuli. Aina ndefu zinazoendelea kuzaa kwa miezi huhitaji nguzo, na huwa bado shambani Novemba, wakati mvua na joto la usiku vinarudi pamoja. Kwa bustani ya nyumbani pwani, aina fupi ni chaguo la busara zaidi. Kipupwe nacho kina wadudu wake. Kantangaze, nondo aliyethibitishwa Tanzania na Kenya mwaka 2014, huzaliana kwa kasi siku za ukavu, na kiwavi wake hutoboa jani, shina na tunda. Kukagua majani kila baada ya siku mbili na kuyachoma yenye vijia vya viwavi huokoa mengi pale miche inapokuwa kumi au ishirini tu.

Mboga nyingine za ubaridi hufuata njia ile ile, kila moja kwa sharti lake. Saladi ina tabia ya pekee: mbegu yake hukataa kuota udongo ukipita takriban nyuzi 30, ikalala hata kama ina maji ya kutosha. Anayesia Februari huilaumu mbegu, ilhali mbegu ni nzima. Hata Juni ni vema kuisia jioni kwenye udongo uliomwagiwa maji ya mtungini, na kuufunika kwa gunia la katani lililoloweshwa hadi chipukizi zionekane. Giligilani huota wakati wowote, lakini joto huisukuma itoe maua mapema. Iliyosiwa Juni hutoa majani kwa wiki nyingi. Iliyosiwa Januari hutoa majani machache, kisha mbegu. Karoti hutaka uvumilivu. Huchukua wiki moja hadi mbili kuota, na katika muda huo tabaka la juu la udongo halipaswi kukauka hata mchana mmoja. Udongo wa kichanga wa pwani huipa mzizi ulionyooka, mradi samadi mbichi isiwekwe, kwa maana huufanya mzizi ugawanyike matawi.

Kabichi hufunga kichwa vizuri nyanda za juu kama Lushoto na Limuru kuliko pwani, na ukweli huo haufichiki. Chotara zilizotengenezwa kwa nchi za joto zinaweza kufanikiwa zikipandikizwa Juni, lakini eneo dogo la nyumbani hutoa chakula kingi zaidi likipandwa sukuma wiki au chainizi. Chainizi huwa tayari kwa wiki nne au tano. Sukuma wiki ikianza Mei huchumwa toka Julai hadi vuli. Adui wa jamii hii yote ni nondo mgongo wa almasi. Mvua kubwa huwaangusha na kuwazamisha viwavi wake, kwa hiyo idadi yao huongezeka mvua ikikatika. Majani yageuzwe na kukaguliwa upande wa chini mara kwa mara kuanzia Julai.

Vitunguu maji vinahesabiwa kwa urefu wa mchana. Karibu na ikweta mchana haupungui wala kuzidi saa 12 kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo aina za nchi za kaskazini zinazongoja mchana wa saa 14 au zaidi haziwezi kufunga kitunguu hapa, hata zikihudumiwa vipi. Red Creole na Bombay Red hufunga. Husiwa Aprili au Mei, huhamishwa baada ya wiki sita hadi nane, na hukomaa miezi mitatu hadi minne baadaye. Faida ya kuanza mapema inaonekana mwishoni: kitunguu kinachong'olewa Septemba hukaushwa na jua na upepo, na kinachocheleweshwa hadi Novemba hukutwa na vuli kikiwa bado ardhini, shingo ikaoza.

Matango na mamumunya husiwa moja kwa moja shambani mwezi Juni, mvua zikiwa zimepungua. Maua yake hutegemea nyuki, na nyuki hawatembei mvua inaponyesha. Tango la Aprili hupata maua mengi na matunda machache yaliyopinda. Majani yanayolowa kila siku hushikwa pia na ubwiri vinyoya. Tango la Juni huvunwa baada ya siku 45 hadi 55 na huwa limekwepa yote mawili.

Mwanzo wa masika una mboga zake, na ni zile ambazo pwani imezilima kwa vizazi vingi. Bamia hutaka udongo wa joto. Chini ya nyuzi 20 huota kwa shida, na kipupwe huidumaza. Husiwa mwisho wa Februari au mwanzo wa Machi kwa maji ya kumwagilia, baada ya kuloweka mbegu usiku mmoja, ili mvua ya kwanza ikute mimea yenye majani manne au matano. Mzizi wake mkuu hauvumilii kuhamishwa, kwa hiyo hupandwa pale pale itakapokulia. Maboga hufuata ratiba hiyo hiyo, na majani yake machanga huliwa muda mrefu kabla ya boga lenyewe. Kunde husiwa mvua inapoanza, kwa ajili ya majani kwanza na maharage yake baadaye. Marando ya matembele, yenye urefu wa sentimita 20 hadi 30, hufukiwa vifundo vitatu ardhini siku udongo ulipolowa, na baada ya wiki tano au sita huanza kuchumwa. Vijiti vya kisamvu hupandwa wakati huo huo. Mboga hizi hazina haja ya kipaa wala dawa. Zinachohitaji ni tuta refu lililoinuliwa, kwa sababu maji yakisimama siku mbili kwenye mizizi ya kunde au bamia, mmea hubadilika kuwa wa njano.

Mchicha hupandwa mwaka mzima, na ndio unaowalisha wakazi wengi wa Dar es Salaam kutoka mabonde ya mito na viwanja vilivyo wazi. Hata hivyo una mwezi wake mbaya. Matone makubwa ya Aprili huzika mbegu zilizosiwa juu juu na kuyachafua majani kwa matope, na ugonjwa wa kutu nyeupe huenea upande wa chini wa jani. Anayetaka mchicha Aprili huusia kwenye tuta na kulitandazia nyasi nyembamba hadi uote. Mbegu, kwa kuwa ni ndogo mno, huchanganywa na mchanga mkavu kabla ya kumwagwa ili zisirundikane. Kitu kingine kinachoharibu mchicha ni kiu: ukikosa maji siku chache katika joto hutoa maua ukiwa na kimo cha shubiri, na majani yake hukakamaa. Mgagani una tabia hiyo hiyo.

Vuli haiaminiki kama masika. Kuna mwaka hujaza mito na kuna mwaka huishia kwa manyunyu. Sababu kubwa iko baharini: maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yakipata joto kuliko ya mashariki, au El Niño ikitokea katika Pasifiki, vuli ya Afrika Mashariki huelekea kuwa kubwa, kama ilivyokuwa mwaka 1997, 2019 na 2023. La Niña huelekea kuikausha, kama miaka ya 2020 hadi 2022 ilivyoonyesha. Jambo la kutia moyo ni kwamba, kwa sababu inafungamana na bahari kiasi hicho, vuli hutabirika vizuri kuliko masika. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania na Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hutoa mwelekeo wa mvua kabla ya kila msimu, na mwelekeo wa vuli unastahili kusikilizwa na mwenye bustani sawasawa na mwenye ekari mia. Ukitabiriwa uhaba, hupanda matembele, kunde na nyanya chungu, na huliacha wazo la nyanya za Desemba. Ukitabiriwa wingi, huinua matuta na kufukua mifereji mwezi Septemba.

Bilinganya na nyanya chungu ni nguzo za msimu huu. Zote ni jamaa za nyanya, lakini zinastahimili joto zaidi. Zikisiwa Julai na kupandikizwa Agosti au mwanzo wa Septemba huwa zimeshika mizizi kabla ya mvua, na huanza kuzaa karibu na Novemba. Nyanya chungu hasa huendelea kuzaa kwa miezi ikimwagiliwa na kuchumwa mara kwa mara. Pilipili mbuzi na pilipili kichaa huweza kuunganisha vuli na masika. Hoho ni dhaifu zaidi na maua yake huanguka kwa joto kama ya nyanya, kwa hiyo inabaki upande wa kipupwe.

Januari na Februari ndiyo miezi migumu. Juu ya mchanga mtupu uliopigwa na jua, joto la saa nane mchana hupita nyuzi 45, na mbegu ndogo iliyo kwenye sentimita ya kwanza hupikwa. Mita moja ya mraba ya bustani hupoteza takriban lita tano za maji kwa siku. Tuta la mita moja kwa mita tano basi linahitaji lita 25, ndoo kubwa moja na robo yake, kila siku ambayo hakuna mvua. Nusu yake humwagwa alfajiri na nusu jioni. Matandazo ya nyasi kavu au majani ya migomba hupunguza upotevu huo sana. Tuta lililoinuliwa kwa ajili ya masika sasa ni hasara, kwani hukauka upesi. Kiangazi kinataka jaruba lililozama kidogo, lenye kingo, ambamo maji hubaki. Katika maeneo yaliyo karibu na ufuo, maji ya kisima nayo huongezeka chumvi kiangazi kinapoendelea. Maharage huungua kingo za majani kwa maji hayo, ilhali spinachi huyavumilia vizuri.

Wenye maji machache hufanya vyema kuviacha vitanda vingine vipumzike, na mapumziko hayo yanaweza kugeuzwa kuwa kazi. Kitanda husafishwa, hulainishwa, humwagiwa maji hadi yazame, kisha hufunikwa kwa nailoni angavu ambayo kingo zake zimefukiwa udongo. Baada ya wiki nne hadi sita za jua la Januari na Februari, joto lililonaswa chini yake huwa limeua sehemu kubwa ya minyoo fundo, vimelea vya ukungu na mbegu za magugu zilizo karibu na juu. Nailoni nyeusi haifanyi kazi hiyo sawasawa, kwa sababu hulizuia jua lisifike kwenye udongo. Ni njia isiyogharimu dawa yoyote, na nchi zenye baridi haziwezi kuitumia kwa urahisi huu. Inasikitisha kwamba inatumiwa kidogo sana huku kwetu, ambako jua lipo. Kwenye vitanda vinavyobaki, kiangazi hulishwa na kisamvu, matembele yaliyo karibu na bomba la kufulia, na majani ya mlonge, mti ambao ukavu hauutishi.

Tarehe zote hizi zinalenga Dar es Salaam, Bagamoyo na Unguja. Kuelekea kaskazini masika huchelewa: Mombasa mwezi wa mvua nyingi zaidi ni Mei, na manyunyu huendelea Juni na Julai. Huko ratiba ya nyanya husogezwa mbele miongo miwili au mitatu. Lindi na Mtwara zina msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, hivyo kitalu cha mboga za ubaridi kinaweza kuanza mwisho wa Machi, na ukavu unaofuata ni mrefu. Nyanda za juu zina kalenda nyingine kabisa, kwa maana kule ubaridi wa Julai ndio tatizo. Na ng'ambo ya bahari, katika pwani ya Batina nchini Oman, ambako Waswahili wengi wana jamaa, mboga hupandwa Septemba na Oktoba na kuvunwa hadi Aprili, kabla ya joto la kiangazi kupita nyuzi 40. Wakulima wa Oman nao huiwahi miezi yao mizuri kwa kutayarisha miche katika wakati mbaya.

Hata ndani ya majira sahihi, kusia kila kitu siku moja huleta furushi la mboga lisilolika kwa wiki mbili, kisha njaa ya mboga. Kitanda kimoja cha mchicha kikigawanywa sehemu tatu, na kila sehemu ikasiwa mwongo mmoja baada ya nyingine, sehemu ya kwanza hung'olewa ya tatu inapoanza kupata majani, na ikasiwa tena. Chainizi, saladi na giligilani hufuata mtindo huo kwa kuachana siku 14 hivi. Nyanya zikigawanywa mara mbili, nusu mwanzo wa Mei na nusu mwisho wake, mvua ikichelewa kukatika huharibu nusu tu.

Mbegu zinazongoja zamu yake katika hewa ya pwani huzeeka haraka. Unyevu na joto ndivyo vinavyoziua, na ya kitunguu ndiyo dhaifu kuliko zote: haifai kutegemewa baada ya mwaka mmoja. Za nyanya na bamia hukaa miaka mitatu au zaidi zikihifadhiwa kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kubana, na ndani yake kifuko cha majivu au mkaa mkavu, mahali penye kivuli. Wiki mbili kabla ya siku ya kusia, mbegu kumi hufungwa katika kitambaa kibichi na kuachwa ndani ya nyumba. Zikichipua nane au zaidi, pakiti ni nzima; zikichipua tano, husiwa mara mbili ya kawaida; zikipungua hapo, bado kuna muda wa kununua nyingine kabla kitalu hakijalowa.